Ruzuku ya Kompyuta Imfikie Mwalimu



Nimeombwa nizungumzie ruzuku za kuendeleza ufundishaji wa sayansi ya kompyuta mashuleni. Nitatumia mfano wa Uingereza. Sisemi tuwaige, lakini huko jambo hili limejaribiwa kwa zaidi ya miaka 40, kwa fedha nyingi, na makosa yake wenyewe wameyaandika bila kificho.

Mwaka 1981 Serikali ya nchi hiyo iliamua kulipa nusu ya bei ya kompyuta moja kwa kila shule ya sekondari. Mashine iliyopata sifa kubwa ni ile iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge kwa jina la shirika la utangazaji la BBC. Mwanafunzi alipoiwasha, alikuta kioo kitupu kinachomngoja yeye aandike amri. Tangu 1980 hadi 1986 palikuwapo pia mpango wa Serikali wa kuwafunza walimu na kuandaa vifaa vya masomo. Miaka iliyofuata mashine ziliongezeka, lakini somo lenyewe likapwaya. Watoto wakawa wanafundishwa kupiga chapa barua na kupanga tarakimu katika majedwali, kwa programu zilizotengenezwa na watu wengine. Huo ni ujuzi wa ofisini, nami siudharau, maana ndio unaoniwezesha kuandika hotuba hii. Ila sayansi ni jambo jingine.

Januari 2012 Royal Society, chama cha wanasayansi kilichoko London, kilitoa taarifa iliyosema waziwazi kwamba hali hiyo haifai. Serikali ikakubali, na Septemba 2014 mtaala mpya ukaanza, ukimtaka mtoto ajifunze kuandika programu tangu umri wa miaka 5. Mtaala ulibadilishwa kwa kalamu. Mwalimu aliyeingia darasani asubuhi ile alikuwa yule yule wa jana.

Matokeo yake yalionekana katika taarifa nyingine ya chama hicho, ya Novemba 2017. Kati ya walimu wa sekondari waliohojiwa, asilimia 44 walijiamini kufundisha hatua za mwanzo tu za mtaala, ambako sayansi yenyewe ni kidogo. Zaidi ya nusu ya shule za England hazikuwa zikitoa somo hilo katika mtihani wa taifa wa wanafunzi wa miaka 16. Katika waliofanya mtihani huo, wasichana walikuwa mmoja katika kila watano. Mwezi huo huo Serikali ikatangaza paundi milioni 84, na shabaha iliyotajwa kwanza ilikuwa kuwafunza walimu 8,000.

Ndugu zangu, naomba tutazame jinsi fedha hizo zilivyotumika, kwa kuwa hapo ndipo penye fundisho kwa watu wa maofisini kama sisi. Kituo cha taifa kilichoanzishwa mwaka 2018 kiliandaa mafunzo kazini ya kiasi cha saa 40 kwa mwalimu asiyesomea fani hiyo. Tena shule ililipwa ruzuku ili mwalimu aweze kuondoka na darasa lake lipate mtu wa kulishika. Kifungu hicho kwenye bajeti hakipendezi macho. Hakina utepe wa kukatwa, wala mgeni rasmi hawezi kupigwa picha akikabidhi saa 40.

Niliwahi kutembelea shule moja hapa nchini ambako kompyuta za msaada zilikuwa zimefunikwa vitambaa vizuri, vilivyofuliwa. Ufunguo wa chumba alikuwa nao Mwalimu Mkuu. Hakuwa na ubaya wowote: alikabidhiwa mali, akaitunza mali. Hakuna aliyemkabidhi mwalimu wa kuitumia.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika maombi ya ruzuku, na ninyi mnaoyapitisha, naomba muulize mambo mawili kabla ya kutia saini. Je, ni siku ngapi za mafunzo ya mwalimu zimelipiwa humu? Na siku hizo, nani atashika kipindi chake? Ombi lisilokuwa na majibu hayo lirudishwe lilikotoka, hata kama mashine zenyewe zimekwisha fika bandarini.

Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kupokea maswali.