Mwanafunzi Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi, Kata ya Kabanga



Kila tunapofungua masanduku ya maoni, lipo lalamiko lisilokosekana: kwa nini mgonjwa anapimwa na mwanafunzi? Mimi si mganga. Nitajibu kwa kumtaja mwalimu wa waganga.

Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba Waingereza walituachia madaktari 12. Shule ya udaktari ilianza Dar es Salaam mwaka 1963. Esther Mwaikambo yeye alisoma Moscow, akahitimu mwaka 1969, akawa mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari. Angeweza kutosheka na kutibu, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibobea katika magonjwa ya watoto, akafundisha Muhimbili. Mwaka 1987 akawakusanya madaktari wanawake wakaunda chama chao, MEWATA. Kisha akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki. Chuo hicho kilianza mwaka 1997, miaka 10 baada ya hospitali yake ya Mikocheni. Wagonjwa walitangulia, wanafunzi wakafuata, kwa kuwa udaktari haukamiliki darasani.

Nami niliwahi kukasirika. Mwanangu, akiwa na mwaka mmoja na nusu, alikuwa na kikohozi. Kijana mwenye koti jeupe akahesabu pumzi zake kwa nusu dakika, akataka kuandika. Mwalimu wake akamzuia: rudia, dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Mtoto akalia, tukambembeleza, akahesabu upya. Nikaona napotezewa muda. Baadaye nikaelezwa kwamba kwa mtoto wa umri ule, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni dalili ya hatari, huenda ikawa nimonia. Ukihesabu kwa haraka, unaweza kumrudisha nyumbani mtoto anayestahili kutibiwa. Kijana yule hatasahau. Nami sijasahau.

Hapa kwetu lipo na jambo la lugha. Bibi akieleza maumivu yake kwa Kihangaza, mwanafunzi aliyetoka mbali hana kitabu cha kumfundisha maneno hayo. Anayemfundisha ni bibi mwenyewe.

Hata hivyo, lalamiko lenu lina haki ndani yake. Mwanafunzi hapaswi kuachwa peke yake na mgonjwa kana kwamba amekwisha kuhitimu. Anapaswa kujitambulisha, kuomba ridhaa, na kusimamiwa. Mama mjamzito asiyependa kupimwa mbele ya vijana watano ana haki ya kusema hapana, na asinyimwe huduma kwa sababu hiyo. Mahali ambapo hayo hayafanyiki, kosa ni la wasimamizi, wala si la mgonjwa aliyekataa.

Kwa hiyo mkiandika, andikeni siku, saa na wodi, na kama mliombwa ridhaa au la. Karatasi isiyo na jina nayo husomwa.