Gharama za Kampuni na Kodi ya Zuio katika Maamuzi ya Vyombo vya Rufani za Kodi Tanzania

Malipo ambayo kampuni humlipa mtoa huduma hupimwa mara mbili chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332. Kwanza huulizwa kama yanaweza kukatwa kwenye mapato ya kampuni kabla ya kutozwa kodi ya asilimia 30. Pili huulizwa kama mlipaji alipaswa kuzuia sehemu ya malipo hayo na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Jibu la swali moja halijibu la pili. Kampuni inaweza kuwasilisha kodi ya zuio kikamilifu na bado gharama yenyewe ikakataliwa, au gharama ikakubaliwa bila ubishi huku kampuni ikidaiwa zuio ambalo haikulikata.

Mlipakodi asiyeridhika na makadirio hupeleka pingamizi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30. Ili pingamizi lipokelewe, kwa kawaida hutakiwa kulipa kiasi asichokibishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea kipi ni kikubwa. Shauri likiendelea huenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi linaloongozwa na Jaji wa Mahakama Kuu, na hatimaye Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Hatua hiyo ya mwisho husikiliza hoja za kisheria pekee. Ushahidi ambao haukufikishwa mbele ya Bodi ni vigumu mno kuokolewa baadaye, na mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yamekosewa ni wa mrufani. Kanuni hii moja ndiyo inayoangusha rufani nyingi za gharama.

Kifungu cha 11 kinaruhusu kukatwa kwa matumizi yaliyofanywa kikamilifu na kwa ajili tu ya kuzalisha mapato ya biashara. Matumizi ya mtaji hayakatwi kwa mkupuo, bali mali hupunguzwa thamani kwa viwango vya uchakavu kulingana na daraja lake: asilimia 37.5 kwa kompyuta na magari madogo, kwa mfano, au asilimia 5 kwa majengo ya kawaida. Faini, rushwa na matumizi ya kuzalisha mapato yaliyosamehewa kodi hayakubaliki hata kidogo. Riba nayo ina ukomo wake: kampuni inayodhibitiwa na wasio wakazi au taasisi zilizosamehewa kodi haikati riba ya deni linalozidi uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji wa wanahisa.

Uwanja wenye ubishi mkubwa ni ada za usimamizi zinazolipwa kwa kampuni mama. Mkataba wenye sahihi na ankara ya kila robo mwaka huonyesha kwamba fedha zilidaiwa, lakini havionyeshi kwamba kazi ilifanyika. Vyombo vya rufani hutafuta zaidi ya hapo: ripoti za kitaalamu, barua pepe za maelekezo, saa za kazi za wataalamu waliohusika, na kanuni iliyotumika kugawa gharama kati ya kampuni dada. Kifungu cha 33 na Kanuni za Bei za Uhamisho za mwaka 2018 huongeza sharti kwamba bei ilingane na ile ambayo watu wasiohusiana wangekubaliana. Kampuni inayoanza kukusanya nyaraka hizo baada ya kupokea barua ya ukaguzi imechelewa, kwa sababu kumbukumbu ya kazi huandikwa wakati kazi inafanyika.

Kwa upande wa zuio, viwango vya ada za huduma ni asilimia 5 kwa mtoa huduma mkazi na asilimia 15 kwa asiye mkazi. Swali gumu limekuwa moja: je, asilimia 15 inatozwa pale ambapo mtaalamu alifanya kazi yote nje ya nchi? Kifungu cha 69 kinahesabu chanzo cha malipo kuwa Tanzania pale huduma inapotolewa Tanzania, na walipakodi walidai kwamba huduma hutolewa mahali kazi inapofanyika. Mahakama ya Rufani ilikataa hoja hiyo mwaka 2018 katika rufani ya Tullow Tanzania BV dhidi ya Kamishna Mkuu wa TRA. Ilieleza kwamba kutoa huduma ni kuifikisha kwa anayeipokea, hivyo huduma inayopokelewa na kutumiwa na mlipaji aliye Tanzania imetolewa Tanzania.

Uamuzi huo unalinda mapato ya taifa dhidi ya malipo yanayovuka mpaka bila kuacha kodi. Hata hivyo unapanua maana ya kifungu kuliko mkataba wa kawaida wa biashara unavyodhani, na mzigo wake humwangukia mlipaji. Asiyezuia hudaiwa kodi ambayo angepaswa kuizuia, pamoja na riba. Chukua mkataba unaosema mtaalamu wa nje apokee shilingi milioni 85 halisi, kodi zote zikibebwa na mteja. Malipo ghafi huwa milioni 100 na zuio milioni 15. Meneja aliyepanga bajeti ya milioni 85 hugundua pengo hilo wakati wa ukaguzi.

Mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili hubadilisha hesabu mara chache. Tanzania inayo na nchi tisa: Kanada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Sweden, Afrika Kusini na Zambia. Kanuni ya jumla ya mikataba hiyo ni kwamba faida ya biashara ya asiye mkazi hutozwa kodi na nchi ya chanzo ikiwa tu ana ofisi au kituo cha kudumu huko, ingawa baadhi yake ina ibara maalumu inayoiruhusu nchi ya chanzo kutoza ada za usimamizi. Mtoa huduma wa Uingereza, Marekani au Kenya hana mkataba unaotumika wa kuuegemea, na kwake asilimia 15 ya sheria ya ndani hubaki kama ilivyo.