Jino la miaka 6

Wapapa, wamama, wanachama wenzetu tuliotoka kambi za Goma tukarudi Sake na Masisi: mtoto akifikisha karibu miaka 6, jino kubwa linaota nyuma ya meno ya maziwa. Tunafikiri litang'oka. Hapana! Hilo ni la maisha yote. Likioza mpaka kwenye mshipa, inabaki kutibu mzizi, feza nyingi, ao kuling'oa.

Basi tumusugulie mutoto meno asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi; ateme, asisukutue. Bombo na chai ya sukari tupunguze. Tukiona kitundu, tusingoje maumivu: muganga akiliziba mapema, jino linapona.

Wafadhili wetu, muweke broshi na dawa ya meno ndani ya kifurushi cha kila familia inayorudi.