Mgombea Akisema "Mageuzi", Mwulize Wakili Yuko Wapi

Kama unaishi hapa Maine, iwe Portland au Lewiston, na umekwisha kula kiapo cha uraia, jiandae kugongewa mlango. Bunge la jimbo lina wawakilishi 151, wanachaguliwa kila baada ya miaka miwili, na mwakilishi mmoja ana watu kama 9,000 tu. Ndiyo maana mgombea anakuja mwenyewe, kwa miguu, kipeperushi mkononi. Mkaribishe ndani. Tena usimwachie aondoke mapema.

Kipeperushi chake kitasema anataka mageuzi ya sheria za jinai. Cha mpinzani wake kitasema anataka mitaa salama. Hapo hujaambiwa kitu, maana ni nani anayeomba kura akitaka mitaa ya hatari?

Mimi ningeanza na suala la wakili. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1963, katika kesi ya Gideon, kwamba mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo lazima apewe wakili kwa gharama ya serikali. Kwa miaka mingi Maine lilikuwa jimbo pekee lisilo na mawakili watetezi walioajiriwa na serikali. Lilitegemea mawakili binafsi wanaolipwa kwa saa, nao wakazidi kupungua. Mwaka 2022 tawi la hapa la ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, likaishtaki serikali ya jimbo. Hata baada ya malipo kupandishwa mwaka 2023, kutoka dola 80 hadi 150 kwa saa, bado kulikuwa na mahabusu waliokaa jela za kaunti bila hukumu wala mtetezi. Fedha hizo hupitishwa na bunge. Kwa hiyo mwulize mgombea: utapiga kura bajeti ya watetezi iongezwe, au hapana? Akijibu "tutaliangalia", umeshapata jibu.

Kwetu sisi wahamiaji jambo hili ni zito zaidi. Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, alilitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam na kuishi nchini kihalali zaidi ya miaka 40. Alikamatwa Kentucky na bangi kwenye lori, akakiri kosa, kwa kuwa wakili wake alimwambia asijali, amekaa nchini muda mrefu. Kumbe kukiri kwenyewe ndiko kulikomfungulia njia ya kufukuzwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba wakili lazima amwonye mteja asiye raia kuhusu hatari hiyo. Sasa mpwa wako mwenye grini kadi, aliyekamatwa Ijumaa usiku, ataonywa na nani ikiwa wakili mwenyewe hajapatikana?

Kwenye paroli, yaani kuachiliwa kwa masharti kabla ya kifungo kuisha, wagombea hutofautiana waziwazi. Maine iliifuta mwaka 1976. Wapo wanaotaka irudi; wengine wanasema si haki familia ya marehemu iitwe tena na tena kusikiliza maombi ya muuaji. Hoja hiyo siidharau, ila bado naona mfungwa aliyebadilika anastahili kusikilizwa walau mara moja.

Kuhusu dhamana ya fedha, Illinois iliifuta kabisa mwaka 2023. Mgombea akiitaja Illinois kwa sifa au kwa kutisha watu, mwambie aeleze yeye angefanya nini hapa.

Aliyekwisha kukaa bungeni hana pa kujificha. Kura zilizopigwa kwa majina ziko kwenye tovuti ya bunge. Mwambie kijana wako akufungulie mzipitie pamoja.

Na kama una ndugu raia aliyefungwa, Maine, kama Vermont, inamruhusu kupiga kura akiwa gerezani. Anajiandikisha kwa anwani aliyokuwa akiishi kabla ya kifungo. Mwandikie wiki hii, aombe karatasi yake ya kura mapema.