Picha ya Kumaliza Shule

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani mbele ya wenzake na wanafunzi wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya picha mtakazopiga kabla ya mahafali. Mimi si mtu wa studio. Ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu imenipitisha katika mafaili mengi yenye picha za paspoti: kitambaa cha buluu nyuma, mdomo umefungwa, macho yamekodolewa. Picha hizo zina kazi yake, maana karani hutaka kujua kuwa uso ni wa mwenye jina. Zaidi ya hapo hazisemi kitu.

Mwaka 2001, tulipokuwa tukimaliza, niliazima kamera ya filamu ya picha 36. Tulichanga fedha, kila mtu akahesabiwa zake. Mwenzetu mmoja, mtoto wa mvuvi wa upande wa Saadani, alibakiwa na picha moja, ya mwisho kabisa. Alitaka avae tai, ashike kitabu kinene, asimame mbele ya Boma la Wajerumani kama bwana mkubwa wa ofisi. Njiani tukapitia ufukweni, karibu na soko la samaki. Wavuvi walikuwa wakishona nyavu. Naye, kwa mazoea, akaketi juu ya ngalawa iliyovutwa mchangani, akachukua pembe ya wavu na sindano, akawa anashona huku akiwatania wale wazee. Nikabonyeza. Filamu ikaisha.

Alininunia siku tatu. Alisema nimemwonyesha kama mtu ambaye hakwenda shule. Picha yenyewe alikataa kuichukua, ikakaa sandukuni mwangu.

Mwaka 2009 alifariki, akiwa ameshakuwa mwalimu. Nyumbani kwao walikuwa na picha moja tu, ya paspoti. Nilipompelekea mama yake ile ya ngalawa, aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hapa anataka kunijibu." Mpaka leo ipo ukutani. Lakini, ndugu zangu, sina hakika kama mwenyewe angeniruhusu niitoe.

Ndiyo maana nawaombeni mpigane picha mbili. Moja iwe ile anayoitaka mwenyewe, na asichekwe. Pale kivuko cha Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mandhari ya meli na ndege, na mtu ambaye hajawahi kupanda ndege alisimama mbele yake kwa heshima zote. Ranchhod Oza, aliyeanzisha Capital Art Studio huko Unguja mwaka 1930, aliwapiga picha masultani, akawapiga na watu wa kawaida. Mtu kuchagua namna ya kuonekana si jambo geni katika pwani hii.

Ya pili ipigeni pale mtu anapojisahau: jikoni, kiwanjani, kwenye ngoma, au akimfundisha mwenziwe hesabu. Hiyo haitaki pozi, inataka subira.

Mwanga wa kwetu una tabia zake. Bahari iko mashariki, kwa hiyo asubuhi mhusika aitazame bahari. Jioni, akiwa mchangani, aelekee mjini. Saa sita mchana jua huwa utosini na macho hugeuka mashimo. Ingieni barazani, uso uelekee nje. Shati jeupe la shule nalo lina hila: kamera huona weupe ule ikapunguza mwanga, uso mweusi ukazama gizani. Kwenye simu, gusa uso kwanza ndipo upige. Na zile programu za kung'arisha ngozi ziacheni kabisa. Mzazi wako atauliza huyu ni nani.

Siku hizi hakuna filamu ya kuisha, lakini simu huibiwa na kutumbukia majini. Chapisheni picha karatasini, nakala mbili mbili, mwandike nyuma jina, mahali na mwaka. Ile ya mwenzetu haikuwa na neno nyuma. Mjukuu ndiye aliyeandika, bibi yake akimtajia herufi.

Kamera nimekuja nayo. Saa kumi na nusu nitakuwa ufukweni, upande wa soko la samaki. Mwenye tai aje na tai yake.