MTOTO ATAFUTE SWALI KARIBU NA KWAO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Changamwe)



Nimeombwa niseme juu ya watoto wetu wa sekondari na miradi yao ya sayansi. Najua wako watakaouliza jambo hili lahusu nini chama cha wafanya kazi. Lahusu mifuko yetu kwanza, na ujuzi wetu pili.

Kila mwaka shule hupeleka miradi kwenye Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, kuanzia kaunti ndogo mpaka taifa. Mtoto huja nyumbani jioni akasema, "Baba, nataka pesa ya mradi." Baba ametoka zamu, auliza mradi wa nini, mtoto hajui. Basi hununuliwa ubao, rangi, vitaa na waya, au hutengenezwa ule mlima wa moto wa udongo unaotiwa siki na magadi. Povu latoka, watu wapiga makofi, na hakuna aliyejua leo jambo asilolijua jana. Wengine hununua kazi iliyokwisha tengenezwa. Mwamuzi akiuliza swali moja tu, mtoto atazama viatu vyake.

Watoto hawa wametafuta kitu cha kuonyesha kabla ya kupata swali la kuuliza.

Sikilizeni habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Magamba, huko Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyatia katika friji. Nafasi ilikuwa haba. Mpemba aliogopa kuikosa akayatia ya kwake yakali moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa ya moto. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali lake. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alikuja Dk. Denis Osborne, aliyefundisha fizikia Dar es Salaam, na Mpemba akamwuliza mbele ya wanafunzi wote. Wenzake wakamcheka. Yule mgeni hakucheka, alirudi akajaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari yao katika gazeti la wataalamu Uingereza, na jambo hilo laitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wataalamu wabishana mpaka leo, na wako wasemao halitokei. Lakini swali lilitoka katika sufuria ya maziwa, ndugu zangu, si katika duka.

Je, sisi wa bara ya Mombasa tuna sufuria gani?

Chukueni Kisauni. Mji wetu hauna mto wake. Maji ya mfereji yatoka mbali, Mzima na Baricho, na siku nyingi hayafiki. Watu wanywa na kufua kwa maji ya visima, na kila mama wa Mishomoroni ajua kisima kipi sabuni haitoi povu. Mtoto akisema, "Mradi wangu ni maji ya Kisauni," hapo hajasema kitu. Hata serikali haijalimaliza jambo hilo. Lakini akiuliza, "Je, kisima chetu huzidi chumvi wakati wa bamvua kuliko wakati wa maji mafu?" hilo ni swali. Ateke lita moja bahari ikijaa siku za bamvua, na lita moja ikijaa siku za maji mafu, kisima kile kile, ndoo ile ile. Achemshe polepole mpaka maji yakauke, apime kilichobaki katika mizani ya shule. Lita ya maji ya bahari huacha kama gramu 35. Chake kitaacha kiasi gani? Afanye hivyo miezi miwili, aandike na siku za mvua. Mvuvi yeyote atamwambia bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mwamuzi mkali atasema mabaki meupe si chumvi tupu, mna chokaa ya mawe ya matumbawe. Vema! Mtoto akilijua hilo mapema, mwenzetu fundi umeme atamwonyesha kupima kwa betri ndogo na mita, maana maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi. Umeme wa ukutani asiuguse kabisa.

Au hapa Changamwe, penye malori. Karatasi nyeupe zilizopakwa mafuta, moja kando ya barabara, moja hatua 50, moja hatua 100, siku tatu: vumbi na masizi hupungua wapi? Gharama yake ni karatasi. Na Likoni wanaongoja kivuko wana saa nyingi za kuhesabu, wakitaka.

Sasa niseme la hatari. Majirani zetu wa Owino Uhuru waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Bi. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa hapo. Mtoto wake akaugua, na damu yake ilipopimwa ilionekana ina risasi. Kazi ya kiwanda ilikoma 2014, mama huyo akapewa Tuzo ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Yeye naye alianza na swali la nyumbani. Lakini asiende mtoto wa mtu kuchimba udongo wa namna hiyo, wala kuvunja betri, kwa ajili ya mradi. Hiyo ni kazi ya maabara na watu wazima.

Na wazazi, tusiwafanyie. Fundi wa kuchomelea vyuma amwonyeshe mtoto, kisha akae. Daftari liwe la mtoto, kwa mwandiko wake, pamoja na siku ambazo kipimo kilikataa.

Mwenye kiti ametukubalia meza ile ya nyuma, baada ya mkutano ujao. Mafundi watakaa hapo saa nzima. Njooni na watoto, na kila mtoto aje na swali lake limeandikwa kwa mstari mmoja. Pesa msilete.