Kiongozi Anayeuliza: Tunayojifunza Gazi, Nguluku na Barazani

Waheshimiwa machifu, wazee wa mitaa, mama zangu wa vikundi na vijana wa BMU, vikundi vya usimamizi wa ufuo, nimepewa mada ya udadisi katika uongozi. Mifano nitaitoa hapa hapa Kwale, maana tunayo. Hoja yangu ni kwamba kiongozi huonekana kwa maswali anayouliza kabla uamuzi haujapita, na kwa namna anavyowapokea wanaomuuliza yeye.

Nianze na Gazi. Mikoko ya ghuba ile ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani, pakabaki maeneo makubwa matupu. Kazi ya kuirudisha ilianza 1991, watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakifanya kazi na wenyeji. Anayedhani kupanda mikoko ni kuchomeka miche topeni hajawahi kuipanda. Mlilana husimama mbele, upande wa bahari. Mkoko hutaka tope linalofikiwa na maji mara kwa mara. Mchu huvumilia chumvi hata kule nyuma karibu na nchi kavu. Asiyeuliza maji ya bamvua yanafika wapi, na mti gani ulikuwa pale zamani, atapoteza miche na nguvu za watu. Majibu ya maswali hayo hayako maabara peke yake. Yako pia kwa mvuvi anayepita pale na jarife lake, na kwa mzee aliyekata boriti ujanani.

Tangu 2013, wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo: hekta 117, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zimeingia kwenye maji ya bomba na shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta, na baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha mradi wao.

Kinachonivutia zaidi ni mivinje. Mradi unapanda mivinje nchi kavu, na mgeni anaweza kushangaa mti huo unahusiana vipi na bahari. Unahusiana sana, maana ndio wa kujengea na kupikia badala ya mkoko. Ukimkataza mtu mkoko, lazima ujiulize atajengea nini na atapikia nini kesho asubuhi. Mpango usio na swali hilo ungehamishia shoka msitu wa jirani. Huo ndio udadisi ninaouzungumzia: kuuliza uamuzi wangu utamfikaje mtu ambaye hayupo mezani.

Sasa tutazame mabaraza yetu. Afisa anazungumza saa nzima. Kisha anafunga faili, anatazama saa na kusema, "Kuna swali?" Wanaume watatu wa mbele wanashukuru. Mama walio nyuma kwenye mkeka wananong'onezana, hakuna anayesimama. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa, watu wanatia sahihi, na ofisini inaandikwa kwamba wananchi wameshirikishwa. Mimi sikubali kwamba huo ni ushirikishwaji. Kiongozi aliye makini huanza kwa kuuliza, tena swali lenye jina la kitu: kisima cha mwaka jana kinatoa maji? Nani anashika ufunguo? Huwaketisha akina mama peke yao kwanza, kisha husoma hoja zao mbele ya wote bila kutaja nani kasema. Na asipojua jibu, husema hajui, akataja siku atakayolileta.

Najua kwetu Pwani kijana akimhoji mkubwa huonekana hana adabu. Lakini hata kwenye ngambi ya wazee wa kaya, shauri halikatwi mpaka pande zote zimehojiwa. Heshima iko katika namna ya kuuliza. Kunyamaza si adabu pale mali ya watoto inapojadiliwa.

Madini yametufundisha hilo kwa uchungu. Familia za Nguluku na Maumba ziliondoka kupisha uchimbaji, nyingine zikahamia Bwiti. Shehena ya kwanza ya madini ilisafirishwa 2014, na uchimbaji ukasimama Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali ya taifa, 20 kaunti, 10 jamii. Asilimia 10 ya kiasi gani, kwa njia gani, chini ya kamati iliyochaguliwa na nani? Na ardhi iliyochimbwa itatumikaje, kwa faida ya nani? Maswali haya ni ya chifu na mzee wa mtaa kama yalivyo ya gavana.

Sheria iko upande wa anayeuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na sababu zako haziwezi kutumiwa kukunyima haki hiyo. Asiyejua kuandika anapaswa kusaidiwa na afisa mhusika. Ofisi ina siku 21 za kutoa uamuzi, na ikikaa kimya unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Ombi langu kwenu: kila mmoja akirudi kijijini achague jambo moja ambalo watu wake wanalinung'unikia, akae nao wapange maswali, kisha waandike barua kwa Kiswahili, waweke nakala na kuhesabu siku 21. Jibu likija, lisomwe barazani lote, hata kama halimpendezi kiongozi mwenyewe.